Mikono Minne ya Rangi kwenye Dari la Mama

Mtaani wananiita Brashi. Wameniita hivyo miaka ishirini na mbili, mpaka jina langu la kuzaliwa nalisikia kwa mke wangu tu, tena akiwa amekasirika. Kazi yangu ni kuandika mabango. Ukipita barabarani ukaona SALUNI YA KISASA, ukaona NYUMBA HII HAIUZWI kwa herufi nyekundu, jua hapo nimepita mimi. Hata ile USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wa ghala, ambayo watu huisoma vizuri kabisa huku wakikojoa, niliandika mimi.

Sisemi haya kwa kujisifu. Haya basi, najisifu kidogo. Lakini nataka mjue nilivyo, ili nikifika kwenye habari ya dari msijiulize mtu mzima mwenye nyumba yake alifanyaje ujinga ule wote bila kusaidiwa na mtu. Mimi naamini rangi. Mlango umeoza chini? Paka rangi. Kiti kimepasuka? Paka rangi, kisogeze ukutani, mwambie mgeni akae kwingine. Kibanda changu cha kazi kiliinama upande wa kushoto siku lori la mchanga lilipokigonga, na dawa niliyokipa ni kukichorea mistari inayoinamia kulia, ili ukikitazama kwa mbali udhani kimenyooka. Mke wangu husema siku nikifa nitaomba nipakwe angalau mkono mmoja wa rangi kwanza, labda watu wataahirisha kunizika.

Mama yangu alikuwa akikaa kwa Dada tangu baba yetu afariki, miaka sita. Dada ndiye mkubwa wetu. Ana nyumba yenye vigae mpaka chooni, ana gari, ana sauti. Kila nilipokwenda kumwona Mama aliniambia yuko salama, anakula vizuri, analala vizuri, hana shida yoyote. Ndivyo Mama alivyo. Ukimkanyaga mguu atakuuliza kama wewe umeumia. Nami kila nilipotoka pale roho ilikuwa ikiniuma, kwa wivu mtupu, kwa sababu Mama alikuwa na raha na raha yenyewe hakuipata kwangu. Mimi ni mtoto wa mwisho, jamani. Nilimtaka Mama wangu.

Nikajenga chumba nyuma ya nyumba, mlango wake jirani na wa jikoni ili asitembee mbali. Kuta alijenga mwashi, mtu wa kazi yake, akaacha matundu matano ya hewa juu ya dirisha. Paa na dari nikasema nitafanya mwenyewe, kwani bati ni nini? Nikapanda na nyundo, misumari mdomoni, nikaipiga yote bondeni, pale bati linapogusa mbao, kwa sababu niliona pale ndipo linapokamata. Mke wangu alikuwa chini akishika ngazi. Aliniuliza kama nina uhakika. Nilimjibu kwa kucheka, maana misumari mdomoni hairuhusu maneno mengi.

Kisha nikafanya kitu ambacho Dada na vigae vyake vyote hawezi kukifanya. Nikamwandikia Mama kibao. Nilichukua plaiwudi safi, ndefu kiasi cha kuenea juu ya dirisha lote, nikaandika KARIBU MAMA kwa herufi za bluu zenye kivuli cha dhahabu, na waridi nyekundu kila pembe. Siku tatu nzima. Wateja wakasubiri, mwenye bucha akanitukana kwenye simu, sikujali. Nikakipigilia juu ya dirisha, pale ambapo mtu akifungua mlango macho yanakwenda moja kwa moja. Tena kikafunika yale matundu ya mwashi, ambayo kusema kweli yalikuwa yanaharibu sura ya ukuta.

Mama alipofika alisimama mlangoni akakisoma polepole, silabi kwa silabi, kwa sababu kusoma alijifunza akiwa mtu mzima na hajawahi kusoma haraka haraka. Alipomaliza alianza tena. Halafu akavua viatu, akapanda juu ya kitanda, mwanamke wa miaka sabini na mbili, akanyoosha mkono mpaka akakigusa.

"Mwanangu," akasema, "mimi tangu nizaliwe sijawahi kuandikiwa kitu ukutani."

Akalia. Mimi nikatoka nje kwenda kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, nikakaa nyuma ya tangi la maji mpaka uso ukakauka. Jioni yake nilimpigia Dada simu kumsimulia, nikamsimulia mara mbili. Nilikuwa nimeshinda.

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Mvua ikaja. Haikuwa ile ya kupiga kelele nusu saa ikaondoka. Hii ilikaa. Ilinyesha wiki mbili na siku kadhaa, asubuhi mpaka jioni, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Chumvi ikageuka uji ndani ya kopo. Mlango wa choo ukavimba ukakataa kufungwa, tukawa tunaimba humo ndani ili mwingine ajue kuna mtu. Madirisha yote tukayafunga, nguo zikaanikwa ndani, nyumba nzima ikawa na ubaridi wa kitambaa kilichokamuliwa.

Siku ya tano nikaona doa kwenye dari la chumba cha Mama. Lilikuwa dogo, la kahawia, karibu na ukuta. Mtu mwenye akili angeuliza maji yametoka wapi. Mimi niliuliza brashi iko wapi. Nikapiga mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji, nikashuka, nikarudi nyuma hatua tatu, nikafurahi. Mama alinishukuru. Alikohoa kidogo, akasema ni rangi.

Siku ya nane doa lilirudi na ndugu zake. Safari hii kulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo vidogo, mamia, kuanzia pembeni mpaka katikati ya dari, na mimi, wallahi sidanganyi, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba kuna mtu amekung'utia brashi yake juu ya kazi yangu. Nilikasirika kabisa. Mke wangu akaja, akanusa.

"Huo ni ukungu," akasema. "Dari linaoza. Ita fundi."

"Fundi wa nini? Fundi si mimi?"

"Wewe ni fundi wa herufi."

Nikajitia sikusikia. Nikapiga mkono wa pili, mzito, na chumba chote kikabaki na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Nikapuliza manukato ya mke wangu. Ikawa sasa ni harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni na mtu anayekwenda harusini. Mke wangu alipoona chupa imebaki nusu, aliniita kwa jina langu la kuzaliwa.

Na Mama akaendelea kukohoa. Ana kifua cha tangu ujana, kile cha kubana ukikikera, lakini kwa Dada kilikuwa kimetulia miaka mingi. Sasa alikuwa akiamka alfajiri anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, anavuta hewa kama mtu anayenyonya kupitia kitambaa. Ukimuuliza, yuko salama. Ukimuuliza tena, ni baridi tu. Nikampeleka kliniki.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, makini, anauliza huku anaandika. Akasikiliza kifua, mbele na nyuma, muda mrefu. Akamgeukia Mama, kisha mimi.

"Anakolala pana unyevunyevu? Ukungu ukutani, au kwenye dari?"

Nilikuwa nimepaka siku mbili kabla. Bado nilikuwa na rangi kwenye kucha.

"Hakuna kabisa, daktari," nikasema. "Dari jeupe pee."

Mama akanitazama. Kisha akatazama viatu vyake.

"Nyumba ya mwanangu ni nzuri," akasema.

Daktari akaandika dawa ya kuvuta na vidonge, akasema tumrudishe baada ya mwezi, na kama hali itazidi tusisubiri. Njiani nilimnunulia Mama sweta. Nilichagua la rangi nzuri sana.

Mkono wa tatu nilipiga kwa rangi ya mafuta. Nilijiambia, rangi ya maji imeshindwa kwa sababu ni ya maji, hebu tuone maji yatapita wapi kwenye rangi ya mabango, ile inayokaa barabarani jua na mvua miaka saba. Harufu yake ilimtoa Mama chumbani siku mbili, akalala sebuleni kwenye kochi, na mtajua nilivyo zuzu nikiwaambia kwamba siku hizo mbili alikohoa kidogo sana, nami nikasema, mnaona? Rangi ya mafuta inafanya kazi.

Siku Mama aliyorudi chumbani alipigiwa simu na Dada. Dada akaomba kuzungumza na mimi.

"Mbona Mama anakohoa hivyo?"

"Vumbi."

"Vumbi? Kwenye mvua hii?"

Nikakwangua rangi iliyobaki kwenye kucha.

"Sikiliza," akasema Dada, "Jumamosi nakuja kumchukua. Wewe mtoto mzuri, lakini Mama si bango."

Akakata simu. Jioni nikapita chumbani kwa Mama nikakuta begi lake liko kitandani, limefunguliwa, nguo zimekunjwa mbili mbili kama anavyokunja yeye. Sweta nililomnunulia lilikuwa juu kabisa.

"Mama, unataka kwenda?"

"Dada yako mpweke," akasema, akilainisha sweta kwa kiganja. "Watoto wake wameshakuwa wakubwa. Nyumba kubwa ile."

"Hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu, baba. Hapa ni pazuri." Akakohoa mpaka akashika ukuta. "Pazuri sana."

Nilitoka pale nikiwa na shida moja tu duniani. Mama anaondoka, na akiondoka safari hii hatarudi tena. Mtu wa miaka sabini na mbili hahamishwi hamishwi. Na nikiwa mtu mwenye shida moja, nilikuwa na wazo moja, mnalijua tu. Ijumaa mchana nikapanda ngazi na kopo.

Juu kule nikakuta dari limeota tumbo. Rangi ya mafuta ilikuwa imeshuka chini pamoja na bodi yenyewe, katikati, juu ya kitanda, ikaning'inia laini na baridi. Niliibonyeza kwa kidole. Ikabonyea, ikarudi. Mtu yeyote mwingine angeshuka akaondoa kitanda. Mimi nililipaka tumbo lile mkono wa nne, kwa uangalifu, kwa brashi ndogo, nikafuata umbo lake. Nisameheni. Bado nikikumbuka namna nilivyokuwa makini, nashikwa na aibu mpaka masikio yanapata moto.

Jumamosi saa nne asubuhi Dada akafika. Mama alikuwa jikoni na mke wangu wanachambua maharage. Mimi nikampokea Dada mlangoni, nikamwambia kabla hajakaa aje aone mwenyewe chumba, aone kama kuna kasoro, asije akamchukua Mama kwa maneno ya kwenye simu. Nikamfungulia mlango. Dari lilikuwa linang'aa. Dada akasimama akiwa na funguo za gari mkononi, akaangalia juu.

"Hilo nini?"

"Lipi?"

"Hilo tumbo."

"Hayo ni mapambo," nikasema.

Sijui yalitoka wapi. Mdomo wangu huwa unafanya kazi peke yake. Dada akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka saba na sukari mdomoni. Nami, ili kumthibitishia kwamba mapambo ni imara, nikachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango nikaligonga kwa mpini. Mara moja. Taratibu.

Likaanguka lote. Kwanza maji, ndoo nzima, ya kahawia, yakanipiga kifuani. Kisha bodi ya dari, nzito, imeoza, ina misumari sita iliyotazama chini, ikatua juu ya mto wa Mama, pale pale ambapo huweka kichwa. Mto ukapasuka.

Dada alipiga kelele. Nilisimama na ufagio nikiutazama ule mto. Mama alikuwa amelala pale usiku huo. Alikuwa amelala pale mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nikakaa kwenye sakafu yenye maji, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, sikufikiria rangi.

Mke wangu akaja mlangoni, akaona. Halafu akasema, bila hata hasira, "Fundi wa mabati niliyempigia jana anakuja. Nilijua hutamwita."

Fundi alikuwa mtu mfupi, mpole, anayeongea kama anahesabu maneno. Akapanda juu ya paa na mvua ikiwa imetulia kidogo. Tukamsikia akitembea, akisimama, akitembea. Akashuka.

"Nani aliezeka hapa?"

"Kuna fundi mmoja hivi," nikasema.

"Mwambie asirudie."

"Nitamwambia."

"Msumari wa bati unapigwa mgongoni, pale bati linapoinuka, maji yapite chini yake. Huyu amepiga bondeni, kwenye njia ya maji. Amekutobolea paa mara sitini. Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo yupo tu," nikasema. Dada akakohoa, naye hana kifua.

Nilidhani yamekwisha. Lakini fundi akaingia chumbani, akanusa, akapitisha kiganja ukutani, akakunja uso. Ukuta ulikuwa unatoa jasho hata upande ambao paa halivuji.

"Maji ya paa peke yake hayaleti uvundo wa namna hii," akasema. "Maji yanaingia, sawa, lakini yanatakiwa yakauke. Hiki chumba hakikauki. Hakina hewa. Nje nimeona matundu matano juu ya dirisha. Ndani siyaoni."

Niliona macho ya mke wangu yanapanda. Yakapanda ya Dada. Yangu ndiyo yalikuwa ya mwisho, maana yalikuwa yanajua yanakokwenda na hayakutaka kufika. KARIBU MAMA. Herufi za bluu, kivuli cha dhahabu.

Fundi akapanda kwenye kiti akachomeka bisibisi nyuma ya plaiwudi.

"Taratibu, fundi," ikasema sauti nyuma yetu, "kisije kikapasuka."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maharage.

Kikang'oka. Nyuma yake ukungu ulikuwa mnene kama manyoya, mweusi na kijani, umefuata umbo la kibao kona kwa kona, na ndani ya matundu kulikuwa na nyuzi za buibui zilizolowa. Fundi akazipangusa kwa kidole. Hewa ikaingia. Niliisikia shavuni, baridi, safi, hewa ya mvua. Miezi yote ile ilikuwa nje ikibisha hodi, na aliyeifungia nje ni mimi na waridi zangu. Paa langu lilileta maji, kibao changu kikayafungia humo pamoja na Mama, rangi yangu ikawaambia watu wote kwamba hakuna kitu. Hata swali la daktari nililipaka rangi.

Nikamgeukia Mama. Hakuwa ameshangaa. Hapo ndipo nilipoona.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Matundu."

Akaweka sinia juu ya meza, akaokota harage moja lililoanguka.

"Siku ile ile niliyopanda kitandani kukigusa," akasema. "Nilisikia upepo unakisukuma kwa nyuma."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, baba? Mtu amekuandikia karibu, wewe umwambie aiondoe?"

"Kwa hiyo ukakaa unakohoa!"

"Nikasema nitakwenda kwa dada yako. Mimi ningekwenda, kibao kingebaki. Ungekuwa unakiona, unafurahi."

Nililia. Sitasema eti macho yalilowa. Nililia kwa sauti, mbele ya fundi, mbele ya Dada, maji ya dari yakiwa bado yananidondoka kwenye nywele. Mama yangu alikuwa ameamua kuacha kukaa na mimi kuliko kuniumiza roho kwa plaiwudi. Na mimi nilikuwa nimejisifu kwamba kwangu hana shida yoyote.

Dada akaona hapo ndipo pake. "Unaona sasa? Kwangu Mama hakuwahi..."

"Na wewe," akasema Mama, "usimcheke mwenzio. Lile godoro lako linanimeza. Miaka sita nilikuwa nashuka nalala chini kwenye vigae. Nikisikia umeamka napanda juu."

Funguo za gari zikamponyoka Dada. Fundi akasema atasubiri nje.

Begi la Mama nililibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Hakuna aliyenilazimisha. Fundi alikuwa amesema chumba kinahitaji wiki nne madirisha wazi, bodi zote za dari zitolewe, na asilale mtu humo, na mimi kwa mara ya kwanza nilimsikiliza mtu wa kazi yake mpaka akamaliza. Dada alikuwa kwenye simu akiuliza wapi wanauza godoro gumu. Mama akakaa kiti cha mbele, nikamfungia mkanda, nikashika mlango.

"Mama, kuanzia leo ukiona kitu kibaya unaniambia. Chochote. Niahidi."

"Chochote?"

"Chochote."

Akafikiri. Akaangalia mbele, akaangalia kama Dada anasikia, akainamisha kichwa upande wangu.

"Zile waridi," akasema. "Mimi nilidhani ni kabichi."

Gari likaondoka. Nilisimama barabarani na mvua ikaanza tena, na nilicheka huku bado nalia, mpaka mwenye bucha akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Wiki nne nilizitumia kusugua. Nilijifunga kitambaa puani, nikakwangua ukungu kwa maji na dawa, nikapangusa, nikaacha ukuta ukauke, nikasugua tena. Fundi akang'oa misumari yangu yote sitini akaiweka kwenye kopo akanikabidhi. Kibao nilikichoma nyuma ya nyumba. Kabichi ziliungua kwanza.

Siku ya kurudi kliniki nilikutana na Mama na Dada huko. Daktari alisikiliza kifua, akasema kuna nafuu kubwa, kisha akauliza kama mwanzo, huku anaandika: nyumbani kuna ukungu? Kabla Mama hajafungua mdomo kunisifu, nikasema, "Ulikuwepo, daktari. Hata siku ile ulikuwepo. Niliupaka rangi." Kalamu ikasimama. "Mara ngapi?" akauliza. Nikamwonyesha vidole vinne. Hakucheka, na nilistahili.

Mama amerudi. Alirudi mwenyewe, alimwambia Dada kwamba godoro jipya ni zuri lakini mwanawe wa mwisho anahitaji mtu wa kumwangalia. Dari jipya ni mbao tupu, sijalipaka kitu, na matundu matano yanaonekana juu ya dirisha kama yalivyoachwa na mwashi. Mteja mmoja alikuja akaona akaniuliza mbona chumba cha mama yako hakijamaliziwa. Nikamwambia kimekwisha.

Juzi asubuhi Mama akaniita kwa sauti. Nilikimbia kutoka bafuni na povu mdomoni nikidhani ni kifua. Nikamkuta amekaa kitandani, dirisha wazi, miguu inaning'inia. Akaniambia mto niliomnunulia una mabonge, chai ya nyumba hii ni maji ya moto tu, sweta lile linawasha shingoni tangu siku ya kwanza, na mimi nikipiga mswaki nasikika mpaka barabarani. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, bila kukohoa hata kidogo.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Endelea, Mama," nikasema.